Jogoo wa Vidole Vitano

Huku Sivakasi mvua ni mgeni asiye na adabu:
hubisha hodi mara moja, akaondoka kabla hujafungua.
Ndiyo maana viberiti vyetu hukauka vyema,
na ndiyo maana babangu, Ponnusami, alikuwa na kazi.

Hakutengeneza moto. Alichora karatasi ya kuuvisha:
kipande cha upana wa vidole vitatu,
jogoo mwekundu kwenye anga la manjano,
shingo kaiinua kama mdai aliyefika mlangoni.

Usiku alipomchora alikuwa na homa.
Mguu wa kushoto ukaota vidole vitano.
Mama alicheka mpaka chai ikamwagika.
Lakini jiwe la chapa lilikuwa tayari,
wino umekwisha kulipiwa,
na Bwana Arunachalam hakuwa mtu wa kulipa mara mbili
kwa ajili ya ukucha.

Miaka thelathini na mmoja
jogoo akatembea nchi nzima kwa mguu ule.
Mimi nilijifunza kuhesabu kwa kumbandika:
gundi ya unga, karatasi, kidole gumba, kikapu.

Kisha mzee akafa, kiwanda kikamwangukia mwanawe Dinakaran,
aliyerudi kutoka Chennai na shahada.
Akaitazama lebo chini ya taa kama daktari atazamavyo kidonda.
"Kiberiti chetu ni bora," akasema. "Chema chajiuza.
Hii karatasi ndiyo inatuaibisha."
Kama chajiuza, niliwaza,
mbona unakinunulia nguo?

Nguo ikaja: jogoo wa kamera, kingo za dhahabu,
vidole vinne kila mguu, bila deni.
Ndani vijiti vilevile,
mti uleule, dawa ileile, hamsini kwa hamsini.

Mwezi wa pili lori likarudi kutoka Kovilpatti
na uzito uleule lililoondoka nao.
Dereva, Esakkimuthu, hakujua pa kuyaweka macho.

Nikaenda mwenyewe, siku ya gulio.
Bibi mmoja, mchuuzi wa pilipili,
alikichukua kiberiti kipya, akakigeuza,
akakisogeza karibu na jicho lake lenye ukungu,
na kwa ncha ya ukucha akahesabu:
moja, mbili, tatu, nne.
Akakirudisha kama mtu arudishaye chenji pungufu.
"Bandia hiki. Wa kweli ana vitano."

Jina letu hajui kulisoma.
Miaka yote hiyo, umeme ukikatika, mjukuu akilia,
alitutambua kwa homa ya babangu.

Najua wahenga walivyousuta mkakasi:
nje uzuri, ndani kipande cha mti.
Sawa. Sisi twauza vipande vya mti, wala hatufichi.
Lakini nani aliwahi kuuonja moto dukani?
Rafu ina viberiti ishirini, vyote vimefunga midomo,
na mteja ana sarafu moja, na jua linamchoma kisogo.
Hapo karatasi ndiyo ulimi.
Na ulimi ukibadili lafudhi ghafla,
hata mama mzazi atauliza: wewe nani?

Jiwe la zamani lilikuwa limevunjwa, limefanywa kizingiti cha choo.
Nikamchora upya kwa kumbukumbu.
Kumbe kosa ni gumu kuiga kuliko usahihi:
kidole cha tano kilitoka kinyoofu mno,
kimenyolewa, kimetumwa shule.
Usiku wa nne nilichoka, mkono ukateleza,
naye akasimama, yuleyule, kilema na mwenye majivuno.

Kufika Pongal lori lilirudi tupu.
Dinakaran hakusema neno. Aliagiza karatasi zaidi.

Juzi Esakkimuthu kaniletea kiberiti cha waigaji,
kakiokota njiani, upande wa Tirunelveli.
Anga la manjano. Shingo ileile ya mdai.
Nikakisogeza karibu na jicho, nikahesabu.

Sita.