Moshi wa Picha Nane

Usiku wa manane, Pasua.
Feni ya kompyuta ya mtumba inahema
kama mbuzi aliyekimbizwa.
Ninajenga stesheni ya Moshi kwa pembetatu:
paa, nguzo, saa ya ukutani,
tangi la maji lenye miguu minne,
na injini ya mvuke ambayo sikuwahi kuiona
ila kwenye picha moja ya bibi
iliyoliwa na mende pembeni.

Siri ya kazi hii ni ndogo, nikuambie:
hakuna kinachosogea.
Umbo limesimama kama lilivyochongwa,
ngozi yake ndiyo inayobadilishwa.
Picha ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane,
kisha mwanzo tena, haraka,
kabla jicho halijashtuka.
Bendera hupepea hivyo bila upepo.
Taa ya ishara huwa nyekundu, huwa kijani,
wala hakuna aliyepanda ngazi kuiwasha.
Maji ya tangi ni picha moja tu,
ninaivuta chini, chini, chini,
ikifika mwisho inajishona na mwanzo wake.

Lakini moshi!
Mtu wa Moshi kushindwa na moshi,
si nitachekwa mpaka Himo?
Nimeuchora mara kumi na moja.
Mara pamba ya godoro,
mara kondoo wa Boma Ng'ombe wamepandana,
na hata ukifanana, unaruka:
picha ya nane haitaki ujirani na ya kwanza,
zinakwaruzana,
bomba zima linapiga kwikwi.

Bibi Aikaeli akaingia na chai, kumekucha.
Huyu alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya reli
miaka kumi na minne.
Akavaa miwani yake yenye mguu wa uzi,
akaitazama treni ikipumua.
Nikasubiri sifa.

"Humo ndani ni saa ngapi?"
Saa tisa alasiri, bibi.
"Basi moshi wako umepotea njia.
Alasiri upepo hupanda mlimani,
usiku ndio hushuka.
Ungekuwa unafua ungejua.
Na mashuka yako wapi?"
Mashuka gani?
"Moshi usiochafua nguo ya mtu,
huo ni moshi wa nani?"
Akabeba kikombe chake, akaenda kwa kuku.

Nikaugeuza moshi, ukaelekea Kibo.
Nyuma ya stesheni nikafunga kamba,
mashuka matano, kila moja na picha nane:
ya kwanza nyeupe kama ugali wa sembe,
ya pili ina nukta moja ya masizi,
ya tatu nukta sita,
ya nane ni shuka la mtu aliyelala jikoni.

Nikabonyeza. Nikaangalia.
Masizi yakaja polepole, vizuri, nikajisifu,
halafu baada ya ya nane, pap!
nyeupe.
Hakuna beseni, hakuna sabuni ya mche,
hakuna vidole vilivyokunjamana,
doa limejiondokea lenyewe kwa heshima zake.
Nikaona haya, peke yangu, mbele ya kioo.
Kwa nusu sekunde nilikuwa nimefuta
miaka kumi na minne.

Mikono siwezi kuichora, nilijaribu,
ilitoka kama kaa.
Basi nikaongeza picha ya tisa:
kamba tupu.
Vibanio tu, na mlima nyuma yake.
Nikaiamuru ikae kuliko zote nane,
ikae mpaka mchezaji adhani mchezo umeharibika,
treni ipite, ipite nyingine,
ndipo meupe yarudi.

Bibi bado hajaiona.
Luku imeisha tangu jana jioni,
na mwenye hela ni yeye.