Mstari wa Tatu

Mizani ya Kibaigwa ilipima gunia, ikanyamaza.
Kilo zilionekana kwenye kioo;
Kongwa, ofisini, hazikufika.
Madereva wakazima injini,
mawakala wakanitazama mimi na kompyuta yangu
kama ninayeficha mvua.

Umeme ulikatika saa kumi alfajiri.
Uliporudi, seva iliamka ikakumbuka jina lake,
saa, nywila, hata picha ya zabibu aliyoiweka mtu,
ila njia ya kwenda Kongwa haikuikumbuka.
Orodha ya njia ilikuwa na mistari miwili.
Wa tatu haukuwepo.

Nikampigia Ndahani, aliyeniachia funguo mwezi uliopita
akaenda kupogoa mizabibu yake Hombolo.
"Mbukwa," akasema, kisha, kabla sijauliza:
"Kumi, nukta arobaini, nukta saba, nukta sifuri,
mkwaju, ishirini na nne;
lango ni lile linaloishia na mia mbili hamsini na nne."
Kama anayehesabu ng'ombe zizini, hakosi hata ndama.

Miaka tisa, kila umeme ukirudi,
alikuja kwa baiskeli akaichapa njia ile kwa mkono.
Ikakaa kwenye kumbukumbu ya mashine,
na yake,
hadi kukatika kwingine.
"Na faili je?"
Akacheka. "Lilinikataa mara moja. Nikaliacha."

Sikumlaumu. Faili hilo lina kisirani:
nafasi mbili, si tatu,
ukikosea pumzi moja linakurudishia yote uliyoandika.
Nikaandika polepole, kidole kikifuata kila mstari,
vumbi la pumba likitua kwenye vitufe.
Kisha nikaiambia Linux: jaribu.
Sekunde mia na ishirini hungoja neno lako;
usipothibitisha, hurudi ilivyokuwa.
Zilibaki kumi na moja nilipobonyeza.

Gunia likapita. Kilo mia na nne.
Kongwa wakaziona.

Jioni, soko likiwa tupu,
nikazima kila kitu makusudi, nikawasha,
nikaisoma orodha.
Mitatu.

Wiki iliyofuata giza likaja tena.
Kabla ya jogoo, simu: Ndahani.
"Umeshaichapa?"
"Ipo yenyewe."
Akanyamaza. Nikausikia upepo wa Hombolo kwenye majani yake.
"Haya," akasema.
Kisha, kama mtu aliyekuwa anapita tu:
"Mahindi yamesimama bei gani huko?"