Kamba Iliyofika Jikoni

Mlango ulifunguka, baridi ikatangulia,
kisha mtoto, kisha ncha ya kamba.
"Mama Dulmaa, shika hapa," akasema Anujin,
"wewe ndiwe mwisho wa utumbo mwembamba."

Miaka kumi na tisa nalipikia bweni hili,
nimeitwa mengi.
Hilo, bado.

Nikafuta unga mikononi, nikashika:
mita sita na ushei, kamba ya kufungia ngamia,
toka dawati la Temuulen, aliyepewa cheo cha tumbo,
ikapita ubaoni, ikapita kwenye jiko la makaa,
mpaka kwangu mimi na masufuria yangu.

Mwalimu Sarnai akaachia kitambaa chekundu,
kikaja mkono kwa mkono.
"Hiyo nyama. Kila mmoja achune chake, aupe mwili."
Kilinifikia uzi mtupu.

Ndipo Gantumur, mtoto wa wachungaji:
"Wa kondoo ni mrefu kuliko huo.
Mimi na bibi huusafisha kabla theluji haijaanguka.
Unalizunguka hema letu, na bado unabaki."

Wenzake wakaangua kicheko.
Mwalimu hakucheka. "Kwa nini?" akauliza.
Makaa yakapasuka.
"Nyasi ni ngumu," akasema taratibu.
"Zinataka safari ndefu."

Saa sita wakaja na bakuli zao.
Sitadanganya: kabichi ilirudi, kama kawaida yake,
imejikunyata pembeni.
Ila karoti ya Gantumur sikuiona.
Alikuwa anatafuna, macho juu,
kidole kikishuka kifuani polepole,
akiisindikiza.