Kisigino, Upande wa Nje

Niliyanunua Soko la Mpanga, Jumamosi ya matope,
kamba zimefungwa fundo moja
kama mbuzi wawili wa mahari.
Kahawia. Hayakuwa mapya, ila yalikuwa hayajanijua.
Muuzaji aliyapinda, akayanusa, akaapa:
"Huyu ng'ombe alikula vizuri."
Nilicheka, akanipunguzia elfu mbili.

Mwezi wa kwanza yalinila.
Nilisoma mita za maji Kabundaire yote nikichechemea,
lengelenge huku, lengelenge kule,
daftari kwapani, meno nimeyauma.
Mwezi wa pili tukaelewana:
mimi nivae soksi nene,
yenyewe yalegee kifundoni.

Na kwa kuwa kwetu Tooro hata paka haitwi hivihivi,
nikayapa empaako, majina ya kuitwa kwa upole:
la kushoto Araali,
la kulia Abwoli, mjanja,
anayevuja huku uso wake mkavu.

Mwaka wa tatu nusura niyaue.
Mvua ya Aprili, haraka ya kesho,
nikayaweka karibu na jiko la mkaa nikalala.
Asubuhi Araali ana ufa pale vidole vinapokunjikia,
mwembamba kama mstari wa kiganja.
Ngozi haisahau moto.
Tangu hapo ni gazeti tumboni, kivuli, siku mbili za kungoja,
kisha samli ya mama mdogo, kijiko kimoja,
kwa kipande cha fulana.
Mbwa wa Boma nzima wananifahamu kwa harufu.

Mwaka wa tano soli zilikwisha, nikahisi kokoto moja moja.
Kijana Ategeka, nyuma ya stendi ya basi,
akakata tairi la lori la chai, akagundi, akashona.
Watoto wa Rwengoma wakainamia nyayo zangu:
"Lori limepita hapa. Lina miguu miwili!"

Kamba nimebadilisha mara sita.
Tundu moja la kamba liling'oka, halijulikani liliko.
Ulimi wa Abwoli umeegemea kando
kama mtu anayesikiliza ya jirani.
Rangi sasa haina jina,
chai iliyosahauliwa kwenye birika labda.
Lakini mshono wa pembeni, ule wa kiwandani,
haujaachia hata uzi.
Nauangalia nikivua, kila jioni. Sijui kwa nini.

Mwaka huu, wa tisa, Ategeka kauza sindano kanunua pikipiki.
Nikampelekea mzee Kyomya, jirani na posta,
ambaye hasalimii.
Aliyageuza juu chini.
Kidole gumba kikatembea kwenye kisigino, kikasimama
upande wa nje, palipolika kama sabuni.
Akashusha miwani.
"Wewe ni wa Rusoke. Wa kiwanda cha chai."

Sikuwa nimemtajia jina.

"Alikuwa akivimaliza hivi hivi. Nje. Wa kushoto zaidi."

Nilikuwa na miaka sita alipokwenda.
Nakumbuka kikohozi, nakumbuka koti mlangoni.
Alituachia deni la shule, redio isiyo na betri,
na kumbe mwendo,
ambao nimeuvaa miaka yote hii chini yangu
nikidhani ni ubovu wa barabara.

Kyomya alikuwa ameshachukua kisu.
"Nikusawazishie? Naweza kutia bati,
utembee wima kama askari."

Lori lilipita. Mvua ilianza upande wa milimani.
"Weka kipya tu," nikasema. "Bila bati."
"Kitalika palepale."
"Najua."
"Elfu kumi na mbili."
"Kumi."
Akaguna, maana yake ndiyo.

Nikakaa juu ya kreti ya soda,
miguu kwenye kandambili za mtu nisiyemjua,
moja kubwa, moja ndogo,
mita kumi na tisa bado hazijasomwa,
nikitazama msharasi ukiingia, ukitoka,
ukiingia.