Mshiriki wa Thelathini na Moja

Akureyri, mwezi wa kwanza. Jua limechungulia saa tano
likaghairi.
Kwenye maabara, chini ya uwanja wa nyasi bandia,
nawasha kamera kumi, nabandika shanga za kuakisi mwanga
nyongani, pajani, juu ya kilegesambwa,
kwenye kifundo cha mguu wa Steinvör,
na kompyuta inamvua ngozi na jina,
anabaki nukta zinazotembea gizani.

Yeye ni kiungo.
Miezi kumi iliyopita, namba nane mgongoni,
alitaka kugeuka tu; mpira ulikuwa bado mbali.
Hakuguswa na mtu.
Aliyekuwa karibu zaidi ni kivuli chake.
Wenzake wanasema walisikia: ta,
kama kijiti kikavu. Yeye hakusikia kitu,
aliona nyasi zikimjia usoni
akajua, kabla maumivu hayajafika.

Daktari Hjalti alichomoa kano nyuma ya paja
akaifungia goti,
kama fundi anayefumua pindo la gauni
apate kiraka cha kwapa.
Kisha ikaja kazi isiyopigiwa makofi:
kunja, kunjua.
Digrii tano. Digrii arobaini. Wiki nzima kuililia ya tisini.
Msuli wa paja ulikuwa umesinyaa kama soksi iliyovuliwa,
akauamrisha, haukuitika,
akauita kwa jina la utani, ukatikisika kidogo,
tukacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Leo anaruka kwa mguu mmoja.
Mzima: mita moja na sentimita sitini na mbili.
Ulioshonwa: moja na hamsini.
Nagawanya. Tisini na mbili na ushei kwa mia.
Mstari wa kuvuka ni tisini.
Jedwali linageuka kijani. Mshiriki wa thelathini na moja
amepona, lasema jedwali.

Lakini nairudisha picha nyuma, polepole,
naona anapotua
goti likielemea ndani, kidogo tu, kama mtu anayetaka kunong'ona,
na macho, ambayo hayakubandikwa shanga,
yakilitazama.
Kwenye hojaji, swali la tisa: Unaliamini goti lako?
Ameacha wazi.
Pembeni amechora samaki.

Mama yake, Jófríður, amekuja kumchukua,
harufu ya kiwanda ingali kwenye mikono ya sweta.
Miaka ishirini na saba anachuna minofu ya chewa.
Anazitazama kamera. Anakitazama kiti cha umeme
kinachopima nguvu ya paja la binti yake.
"Hii," anauliza, "inapima na vidole?"
Anavionyesha: viwili havikunjuki,
vimeganda kwa umbo la mpini wa kisu
ambao haupo.

Nimesoma makala mia mbili za magoti ya wachezaji.
Najua goti hutua vipi kwenye nyasi mbichi, kwenye nyasi za plastiki,
kwa msichana wa miaka kumi na saba, kwa mzee wa akiba.
Za mkono huu sijasoma hata moja.
Hakuna aliyenilipa nisome.

Nachukua kipimo cha mkamato, nampa. "Bana."
Mshale unapanda, unatetemeka, unasita kwenye kumi na moja.
"Tena, mama," anasema Steinvör,
naye amepiga magoti mbele ya kiti
bila kujua kwamba amepiga magoti,
yote mawili, uzito sawa,
macho yako juu, kwenye mshale.

Kumi na tatu.

Sina safu ya kuijaza hiyo.
Naiandika pembeni,
karibu na samaki.