Kupogoa Januari, Santorini

Huku mzabibu hausimamishwi.
Upepo wa kaskazini haupendi kitu kilichosimama:
paa la zizi la Yakovos liliokotwa shambani kwa mtu mwingine
na hakuna aliyeshangaa.

Kwa hiyo tunausuka.
Tawi la mwaka jana chini, la mwaka huu juu yake,
duara juu ya duara,
mpaka mteremko mzima uwe matenga
yaliyotuliwa na wachuuzi waliokwenda kunywa maji
wasirudi.
Zabibu hukulia humo ndani. Bahari huisikia tu.

Shangazi Maruso, miaka sabini na tisa,
amepiga magoti kwenye gunia la mbolea,
kisu mkononi, sigara sikioni.
Asirtiko, anasema, ni mkali kama wifi aliyenyimwa kiti.
Aidani ananukia harusi ya jirani.
Mandilaria, mweusi tii, kazi yake kutia doa kitambaani.

Mvua?
Ilinyesha Novemba, siku mbili. Tutaitaja mpaka Pasaka.
Mwagiliaji wetu ni usiku:
ukungu hupanda kutoka majini,
jiwe la volkano, lenye matundu kama mkate wa kumimina,
huunyonya kimya kimya,
na alfajiri mizizi hufungua kinywa.

Siku hizi ukungu huja kama mdaiwa.
Mwaka juzi tulijaza kreti themanini.
Mwaka jana thelathini na moja na nusu,
na hiyo nusu niliihesabu mimi, kwa haya.
Tulivuna Julai. Julai!
Padri alikuwa bado hajarudi kutoka kwa dada yake.

Jana mtu wa hoteli alikuja tena, viatu vyeupe.
Anataka tuta la chini
achimbe bwawa la kuogelea.
Maji, hapa.
Maruso alicheka mpaka akashika ukuta.
Mimi nilicheka pia,
kisha nikaipokea kadi yake.
Imo mfukoni, pamoja na kamba za kufungia.

Leo amefika kwenye tenga alilolisuka mama yake.
Limechoka; mashada matatu msimu mzima.
Analikata shingoni, usawa wa majivu,
ananirushia: kuni hizo.
Mzizi ni wa zamani kuliko jina letu,
nao haujaambiwa lolote.

Chipukizi litatoka Machi, likipenda.
Kusuka, baada ya miaka mitatu.
Maruso anahesabu kwa vidole,
anafika themanini na mbili,
anaivuta sigara kutoka sikioni, anairudisha,
anasogeza gunia
kwenye mzabibu unaofuata.