Msimu wa Kwanza, Nyangao

Chuo kizima tulikuwa kumi na watatu, na mpishi.
Jezi tulishona kwa mapazia ya bweni;
kipa wetu, Damasi Nnunduma,
akaangukiwa na la kijani,
mawaridi yote mgongoni.

Masasi walitufunga saba.
Lindi mjini tano, na mvua juu.
Ndanda walipofika tisa waliacha kuhesabu,
wakatuandalia chai na mihogo.

Bruda Wunibaldi aliyaandika yote
katika daftari la misa za wafu.
"Karatasi ni ghali," alisema.

Kisha Oktoba. Mikorosho imepigwa salfa,
uwanja wanuka kiberiti,
Newala wamekuja na lori, na ngoma.
Dakika ya themanini, bila kwa bila,
kengele ya Malaika wa Bwana ikagongwa
na Damasi, kwa mazoea tu,
akapiga magoti langoni.

Shuti lilikuwa la chini.
Lilimkuta pajini, likarudi lilikotoka.

Wengine waliita muujiza.
Damasi aliita uvimbe.
Usiku ule Bruda alifungua ukurasa mweupe:
*Newala. Sare.*
*Hakuna aliyekufa.*